Winchi na Sindano za Nguvu

Mji mzima unamwita Winchi. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alilipata ngazini, siku alipoteremsha piano kutoka ghorofa ya nne akiwa peke yake upande wa chini, wenzake wameshika kamba huko juu wakimwomba Mungu. Tangu hapo kazi yake ni kuhamisha watu. Anabeba vitanda, makabati, majokofu na maboksi ya vyombo vilivyofungwa kwa magazeti, na anavifikisha vikiwa vizima. Ana lori moja lililoandikwa ubavuni KAZI YA WANAUME. Mchoraji hakupima nafasi vizuri, kwa hiyo herufi za mwisho zimebanana karibu na tairi kama abiria waliochelewa. Mimi ni mdogo wa mke wake. Nashona mapazia, naishi chumba cha uani nyumbani kwao, na mdomo wangu hauna kufuli. Shemeji ni mtu wa kutaniwa, nami sijawahi kumnyima haki yake.

Ukitaka kumjua Winchi, mwangalie ngazini. Mzigo unaposhuka, aliye chini ndiye anayeubeba kwa kweli. Aliye juu anaongoza tu na kuushikilia usikimbie. Nafasi ya chini ni ya mwenye nguvu, na Winchi hakuwahi kumwachia mtu. Na ngazini kuna sheria moja aliyoitunga mwenyewe: uzito hausemwi. Unaweza kusema kona. Unaweza kusema kidato, mlango, taratibu. Ukisema ni zito, umemlegeza mwenzako, na kabati la mbao ngumu halimngojei mtu ajipange upya. Kijana mmoja aliwahi kuguna tu, neno hata hakutoa, akatumwa akakae ndani ya lori na mito ya sofa mpaka jioni. Kama sheria ya kazi, sina neno. Shida ni kwamba shemeji alikuwa anarudi nayo nyumbani. Mlango wa lori ulipombana kidole mpaka ukucha ukang'oka, alisema umemgusa. Mama yake alipofariki na watu wakampa pole, alijibu, "Mambo ya kawaida," kisha akaenda kumhamisha mwalimu fulani na vitabu vyake vyote.

Vijana wake walimwona kama chuo. Wakati wa chai waliketi juu ya sofa la mteja likiwa bado na nailoni, naye akawapa somo. Neno alilolipenda lilikuwa homoni. Alilisikia redioni, likamkaa.

"Mwanamume ni homoni," alikuwa akisema, kikombe mkononi. "Hiyo ndiyo injini. Ukimwona mtu analialia, leo mgongo, kesho kiuno, ujue injini imezima. Wanawake nao wana zao, za kulia na kununua vyombo."

Dada yangu alipofika umri wa kukoma hedhi, akawa anatokwa na jasho hata akiwa amekaa tu, Winchi alimpepea kwa kifuniko cha sufuria mbele ya wageni. Akawaeleza kwamba homoni za mama zinahama, na yeye kama mtaalamu wa kuhamisha anasimamia zoezi. Watu walicheka. Dada naye alicheka, kwa kuwa wageni walikuwepo.

Sasa nikwambie jambo ambalo sisi tulilijua mwishoni, usije ukapata taabu ya kubahatisha. Alipovuka miaka sitini, mkojo ulianza kumsumbua. Akaenda kimyakimya kwenye kliniki moja upande wa pili wa mji, wakampima, wakamkuta na saratani ya tezi dume. Bahati yake, saratani haikuwa imetambaa mbali. Daktari wa huko alimweleza kwamba saratani hiyo inalishwa na homoni ya kiume, kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu watamchoma sindano ya kuizuia homoni isitengenezwe, na saratani ikose chakula. Akamweleza pia kwamba dawa hiyo hudhoofisha mifupa, na mifupa yake itabidi iangaliwe. Hilo la pili liliingia sikio hili likatokea lile. La kwanza lilikuwa limeshamtosha. Mwenye lori la KAZI YA WANAUME anaambiwa injini itazimwa kwa makusudi, na ni yeye mwenyewe atakayepandisha shati tumbo lichomwe.

Sindano alizikubali, kwa sababu si mjinga. Alichokataa ni kusema. Kila mtu anaujua ule msemo wa mficha maradhi, naye aliujua, na aliwatolea wengine bila kuchoka.

Siku moja msaidizi wake, tunayemwita Kamba kwa wembamba wake na kwa kazi yake, alimwona ana kiplasta tumboni wakati anabadilisha shati. Akauliza. Winchi angeweza kusema upele. Angeweza kusema mbu. Akasema, "Sindano za nguvu. Wazee wenye akili tunapiga."

Basi ikawa habari. Vijana wakaanza kumbembeleza awape jina la kliniki. Muuza duka wa jirani, mtu mzima mwenye wajukuu, alimvuta pembeni akamuuliza kwa kunong'ona kama zinapatikana pia kwa vidonge. Winchi alikuwa anatabasamu, anasema wakati wao utafika. Na kwa vile kila baada ya miezi mitatu alioga mapema, akavaa shati lililopigwa pasi, akaenda upande wa pili wa mji asikokuwa na mteja wala ndugu, watu wakajumlisha wenyewe. Sindano za nguvu, shati safi, safari isiyosemwa. Wakapata jibu: ana mwanamke huko.

Uvumi huo ulimfikia. Nilikuwepo Kamba alipomchokoza, "Bosi, salamu zetu umezifikisha?" Winchi akakohoa kile kikohozi cha mtu asiyekubali wala asiyekataa, akapandisha suruali. Na dada yangu alikuwa jikoni, dirisha wazi.

Mwili wake lakini ulikuwa unasema mengine. Mikono iliyobeba piano ikaanza kupungua, tumbo likaongezeka. Akawa mwepesi wa kuchoka na mzito wa kuamka. Jasho lilimtoka mezani tukiwa wengine tumejifunika khanga kwa baridi, naye akasema ndiyo nguvu zinafanya kazi. Alichukua feni ya chumbani akaihamishia sebuleni, akahama na yeye, akawa analala kwenye sofa. Jioni moja lilitoka tangazo la sabuni kwenye televisheni, mtoto anamkumbatia bibi yake, nikamwona anafuta macho kwa ncha ya mto. Nilisema moyoni, huyo mwanamke wa pili anamtesa kweli, na Mungu amzidishie.

Dada hakugombana naye. Dada si mtu wa kupiga kelele, hizo kazi ananiachia mimi. Alikuja chumbani kwangu, akaketi juu ya marobota ya vitambaa, akasema, "Amenichoka." Nikamwambia amfukuze. Akasema, "Mtu akikuchoka anafukuzwa vipi? Ameshaondoka." Nilimchukia shemeji siku hiyo, na nilimchukia muda mrefu.

Kuanguka kulikuja na jokofu la mwenye bucha, lile refu la milango miwili. Winchi alikuwa chini, kama kawaida. Kamba anasimulia kwamba katikati ya ngazi aliusikia mzigo ukibadilika, kama mtu wa chini ameacha kuubeba. Akaita, "Bosi, vipi?" Winchi akajibu, "Twende." Wakaenda. Vidato viwili mbele mikono ilimlegea, goti likajipinda, na jokofu likamkalia mguu. Lenyewe halikupata hata mkwaruzo. Mwenye bucha aliliwasha jioni ile ile likagandisha vizuri, na akatuma shukrani.

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na mikono yenye nguvu. Winchi alimtazama kisha akamtazama Kamba, kama anayetaka kujua bosi wa pale yuko wapi.

"Muundi umevunjika hapa juu, chini ya goti," daktari akasema, akiinua picha ya eksirei. "Mfupa wa ndani umesagika, umeacha shimo. Nitaweka bamba la chuma na skrubu, na shimo nitalijaza unga wa mfupa."

Unga wenyewe si unga. Ni chenga nyeupe, kama chumvi ya mawe iliyopondwa, zilizotengenezwa kiwandani kwa madini yale yale yaliyomo mfupani. Akatueleza kwamba hazikusudiwi kukaa milele. Mwilini kuna seli ambazo ni walaji, za ukoo mmoja na zile seli za kinga zinazomeza vijidudu. Hizo huzitafuna chenga polepole, na nyuma yao huja seli za ujenzi zikaweka mfupa mpya mahali palipoachwa.

"Mpangaji mmoja anahama, mwingine anahamia siku hiyo hiyo," daktari akasema. "Nyumba isikae tupu."

Hapo Winchi alimwangalia kwa heshima kwa mara ya kwanza.

"Kuna dawa yoyote unayotumia, mzee?"

Kitanda kilikuwa kimezungukwa. Dada, mimi, Kamba, na vijana wengine wote wa lori.

"Vitamini tu," Winchi akasema.

"Anapiga sindano za nguvu, daktari," Kamba akaongeza, kwa fahari ya mtoto anayemsifia baba yake.

"Sindano za nini?"

"Za vitamini," Winchi akasema, akacheka. "Mambo ya wazee."

Vijana wakacheka pia. Daktari aliandika vitamini.

Mguu ukafungwa, ukashonwa, ukapona kwa nje. Winchi akawa sebuleni, mguu juu ya stuli, anaendesha kampuni kwa simu na kuwafundisha vijana jinsi ya kupinda kona asizoziona yeye. Miezi ikapita. Akarudi kupiga picha, na daktari akaiangalia picha ile kwa muda mrefu kuliko tulivyopenda. Chenga zilikuwa zimekwisha. Zilikuwa zimeliwa zote, mapema kupita kiasi, na mfupa mpya haukuwa umekuja. Pale palipojazwa palikuwa na kivuli cheusi, na sehemu ya juu ya mfupa, ile inayobeba goti, ilikuwa imeanza kuinama juu ya shimo. Mpangaji wa kwanza alihama usiku na mlango, na wa pili hakutokea.

Daktari akasema itabidi arudi chumba cha upasuaji, na kwamba kabla ya hapo lazima ajue kwa nini. Winchi hakungoja. Sababu yake alikuwa nayo tayari.

"Wamenitia unga feki," akatangaza.

Kwa wiki kadhaa nyumba yetu ikawa mahakama. Kila aliyekuja kumwona mgonjwa alitoa hukumu. Muuza duka alisema hospitali zinachanganya unga wa mfupa na chokaa ya ukutani. Mwenye nyumba wa jirani alisema hao ni mchwa, akashauri apuliziwe. Kamba alisema mwanamke hawezi kujaza shimo la mwanamume kwa sababu hajui uzito litakaobeba, na mimi nikamuuliza kama mama yake alimbeba kwa winchi. Winchi alikuwa anasikiliza kwa upole wa mtu aliyeonewa. Alipiga simu hospitali, akapiga tena, akadai aitwe muuzaji wa unga ule ajieleze uso kwa uso. Na ajabu ni kwamba aliamini kila alichosema. Ya kliniki yalikuwa ndani ya kabati moja, ya mguu ndani ya kabati lingine, na hakuwahi kuyaweka kwenye lori moja.

Hospitali ikakubali, na siku ya kikao akaja na mashahidi. Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, meza, viti vya plastiki, kioo chenye taa cha kuangalizia picha, na goti la plastiki la kufundishia linalokunjika na kukunjuka. Tulijazana humo kama fanicha za ghorofa mbili kwenye chumba kimoja. Winchi aliketi katikati, mguu umenyooshwa juu ya kiti cha pili. Kamba na wenzake walisimama nyuma yake, mikono imefungwa kifuani. Dada alikuwa karibu na mlango, mkoba mapajani. Muuzaji wa unga alikuwa ameshafika, kijana wa viatu vyenye ncha, na alitumia dakika za mwanzo kutueleza kwamba bidhaa yake imethibitishwa, kwamba haijawahi kulalamikiwa, na kwamba tatizo, kama lipo, basi ni la mgonjwa, ambaye hata hivyo wanamthamini sana.

"Umesikia?" Winchi akamwambia Kamba. "Mimi ndiye feki."

Daktari alikuwa na karatasi ya majibu ya damu. Damu ile, Winchi alipotolewa, alidhani ni ya kupima sukari.

"Mzee," daktari akasema, "ningependa tubaki wawili. Au wewe na mama."

"Sema hapa hapa. Hawa ni mashahidi wangu. Mimi sina siri, wenye siri ni nyinyi."

"Ni mambo ya mwili wako. Hayawahusu wengine."

"Mwili wangu wameubeba hawa kutoka ngazini. Mwaga yote, daktari."

Daktari akamwangalia, akawaangalia vijana, akamwangalia tena. Watu wanamwaga mtama kwenye kuku wengi kwa bahati mbaya. Shemeji yangu aliwaalika kuku mwenyewe, akawapa na viti.

"Wale walaji niliokueleza," daktari akaanza taratibu, "hawajiendeshi. Wana mtu anayewashika mkono wasizidishe, na huyo ni homoni. Akiondoka, wanakula bila kiasi. Wanakula mfupa, wanakula na chochote kinachofanana na mfupa. Unga niliokuwekea ni chakula kile kile. Kwa hiyo nilipima homoni zako." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Ile ya kiume haipo. Sisemi imepungua kwa umri. Haipo."

Vijana wote walimgeukia Winchi. Hata ncha za viatu vya muuzaji zilimgeukia.

"Mashine yenu imeharibika," Kamba akasema. "Huyu bosi anapiga sindano za nguvu."

"Hizo ndizo ninazotaka kuziuliza."

"Za vitamini," Winchi akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Mzee, nisikilize." Daktari alisogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribiana. "Nikikujaza tena bila kujua kinachoendelea, walaji watakula tena. Safari hii goti litazama ndani ya shimo, na sitakuwa na mfupa wa kushikia skrubu. Hapo hatutazungumza habari ya kubeba. Tutazungumza kama utasimama. Naweza kukusaidia, lakini siwezi kukusaidia nikiwa nimefumbwa macho. Sindano ni za nini?"

Nilimwona anawaangalia vijana. Aliwaangalia mmoja mmoja, wale waliokula masomo yake juu ya masofa ya watu. Kisha akautazama mguu wake. Mimi nilikuwa nimekuja siku ile nikiwa na maneno yangu tayari, nimeyanoa njia nzima, na nikajikuta namwonea huruma. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo, na lilinikera.

"Nina saratani," akasema. Alikuwa analiambia lile goti la plastiki. "Ya tezi dume. Sindano ni za kuzima hiyo homoni."

Wa kwanza kupona alikuwa muuzaji. Alifunga mkoba, akasema, "Kwa hiyo bidhaa haina kosa," kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha, akampa mkono kila mtu, mgonjwa akiwa wa mwisho, akatoka.

Daktari hakumlaumu Winchi. Nadhani ningekuwa mimi ningemlaumu. Alimwambia sindano asiache hata kidogo, kwa sababu ndizo zinazomweka hai, na kwamba atazungumza na mwenzake wa kule kliniki. Kuna dawa ya kuwatuliza walaji. Wataanza nayo, wataimarisha mifupa yote kwanza, halafu ndipo watajaza shimo upya. Mguu bado una nafasi nzuri.

"Kwa hiyo homoni ya kiume ndiyo inalinda mfupa," Kamba akasema, akijaribu kuokoa chochote kinachookoleka.

"Si yenyewe hasa," daktari akamjibu. "Mwilini mwa mwanamume, sehemu ya homoni ya kiume hugeuzwa ikawa ile ya kike. Hiyo ya kike ndiyo inayowashika walaji zaidi."

"Bosi alikuwa na homoni ya kike?"

"Alikuwa nayo tangu alipobalehe. Hata wewe unayo. Ndiyo iliyokuwezesha kubeba hayo makabati bila kuvunjika."

Kamba akaifungua mikono yake kifuani, akaikunja tena, akakosa mahali pa kuiweka. Wakati mwingine wowote ningecheka mpaka nishikilie ukuta.

Vijana wakaanza kutoka, wakipishana mlangoni kwa adabu kama wamebeba kitu. Kamba alibaki nyuma. Akamwekea bosi wake mkono begani. "Lori tutaliosha," akasema, akatoka. Daktari naye akasema ana simu ya kupiga, na kila mtu alijua hana.

Nilipaswa kutoka mimi pia. Sikutoka.

"Tangu lini?" dada akauliza kutoka pale mlangoni.

"Mwaka wa pili huu."

"Nilidhani una mtu."

"Najua."

Dada akainua uso. "Ulijua?"

"Vijana walikuwa wanasema. Nikajua na wewe umesikia." Alikuwa bado analitazama goti la plastiki. "Nikaona bora hilo."

Nikwambie ukweli, mkono wangu ulilitafuta lile goti la plastiki nimpige nalo. Mtu ameona bora mkewe aamini anasalitiwa kuliko ajue mumewe anaumwa, na ameliona hilo ni afadhali, amelipima mlangoni likapita. Dada hakuonekana kuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Nilinunua nguo za kulalia," akasema. "Tatu. Ya mwisho ilikuwa nyekundu, na umri wangu huu. Muuzaji aliniuliza kama ni ya binti yangu. Nikaivaa, ukaniambia inakuletea joto, ukachukua mto ukaenda sebuleni. Asubuhi nikaikata vipande."

Kitambaa chekundu nilichokuwa nafutia cherehani yangu kwa miezi mingi, laini kuliko vyote, alinipa yeye. Nilikuwa nimemshukuru.

"Tatizo hukuwa wewe," Winchi akasema. "Hukuwa wewe hata siku moja. Mwili ndio ulikuwa haupo."

"Mimi ningejuaje?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Winchi hakuwa na hata lile neno lake la kusema ni kawaida. Dada akauweka mkoba sakafuni.

"Umemwambia daktari," akasema. "Umewaambia vijana wako. Yule mwenye viatu ameambiwa, sijui hata jina lake. Mimi bado hujaniambia."

Winchi alikuwa bado amempa mgongo, na kugeuka na mguu ule juu ya kiti cha pili ilikuwa kazi. Akajaribu, kiti kikateleza. Nikainuka nimsaidie, dada akanionyesha kwa mkono nikae. Yeye mwenyewe hakusogea, alimngoja. Winchi akaushika mguu wake kwa mikono yote miwili, akaushusha, akajisukuma kwa meza mpaka wakatazamana. Jasho lilikuwa linamtoka usoni, na safari hii hakulipa jina.

"Mke wangu," akasema, "naumwa. Naogopa."